Mwaka Niliogombana na Keep

Shangazi Teresia tulimzika Jumamosi, na kufika Jumatatu nilikuwa nimechoka kusikia sifa zake. Kila aliyeingia uani pale Ng'ambo, mjini Tabora, alikuja na lake: alikuwa mkarimu, alikuwa mtu wa kanisa, hakuwahi kugombana na mtu. Niliitikia, nikapokea pole, nikawaonyesha wageni pa kukaa. Lakini hilo la mwisho lilinikwama kooni. Aligombana na mimi. Tuligombana kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, neno fupi ambalo ukiliona kwenye karatasi huwezi kudhani lina madhara yoyote, na ugomvi huo hatukuumaliza. Kwa miaka zaidi ya arobaini tuliuzunguka kama watu wanaozunguka shimo lililo katikati ya ua: mimi namletea kanga na sukari, yeye ananifungia asali ya kurudi nayo Dodoma, tunaulizana habari za magoti na shinikizo la damu. Sasa ameondoka, na nimeachiwa ugomvi mzima peke yangu, sina hata wa kunibishia.

Habari za ukoo nitaziacha, hazina msaada hapa. Itoshe kusema kwamba nilishuka kwenye treni ya kutoka Bukene nikiwa na sanduku la bati na matokeo ya kidato cha nne. Masomo yote niliyoyapenda nilikuwa nimefaulu. Kiingereza nilikuwa nimefeli. Nilitaka uuguzi, na chuo cha uuguzi hakikutaka kusikia habari ya msichana asiye na Kiingereza, kwa hiyo shangazi alisema niende kwake mjini, nikae mwaka mmoja, nisome masomo ya ziada na kurudia mtihani. Alinipokea stesheni mwenyewe, akachukua sanduku langu kabla sijamaliza kusema shikamoo, akaniambia, "Rejina, mwaka ni mfupi. Usije ukaulaza."

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya asali. Mume wa shangazi, Mjomba Shija, alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa kwenye msitu wa miyombo upande wa Ipole, na kila alipotoka huko alirudi na madebe yaliyofungwa kwa majani, akayapanga ukutani mwa chumba changu. Nililala kando ya madebe yale mwaka mzima. Sisimizi walijua njia ya kuingia kuliko mimi, nguo zangu zilinuka moshi na nta, na hata leo nikisikia harufu ya asali mbichi naona kwanza kurasa za kitabu cha sarufi zilizogandamana. Jioni tulikula uani, ugali na mlenda au uyoga wakati wa mvua, na asubuhi shangazi alinipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kutafunia, kwa kuwa alisema kichwa kinachosoma kinahitaji kitu kigumu mdomoni. Mjomba alizungumza kidogo. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu na kusema, "Mwangaluka, mayo," akiniamkia na kuniita mama kama Wanyamwezi wanavyomwita hata binti mdogo, nami nikimjibu aliondoka, kazi yake ya kuzungumza kwa saa kadhaa ikiwa imekwisha.

Masomo yalifanyika nyuma ya duka la vitambaa la Mama Gulshan, mama wa Kihindi aliyekuwa na chumba kisichotumika, kikiwa na majora ya kitambaa yaliyofika dari. Mwalimu wetu aliitwa Kasanda, mzee mwembamba aliyetafuna karafuu na aliyekuwa na sauti ya redio. Alikuwa na imani moja tu kuhusu Kiingereza: kwamba maneno marefu ni mapambo, na lugha yenyewe inakaa kwenye vitenzi vifupi. "Mkivijua hivi vidogo," alisema siku ya kwanza, "mtakuwa mmeingia ndani ya nyumba. Mkivikosa, mtabaki barazani mpaka mfe." Kisha akageuka na kuandika ubaoni neno keep. Alituambia maana yake ni kuweka. Niliandika, nikaridhika, nikaona hili neno halina shida. Wiki ile ile likanigeuka. Keep quiet, akasema, na maana yake ilikuwa kunyamaza. Keep left, na ilikuwa kupita kushoto. Kushika ahadi ilikuwa keep. Kutunza siri, keep. Kuendelea kutembea, keep. Kumchelewesha mtu njiani, keep. Kuwa na duka, keep. Chakula kisichochacha haraka, eti nacho kina-keep. Niliuliza, "Mwalimu, sasa mtu anajuaje ni ipi?" Akajibu, "Kwa muktadha, binti. Muktadha!" Alilitamka neno muktadha kama dawa. Lakini muktadha wa Kiingereza ulikuwa wapi pale kwetu? Nyuma ya majora ya vitambaa? Ulikuwa mahali ambapo sijawahi kufika, na nilitakiwa kuutumia kuelewa maneno ambayo yangenisaidia kufika huko.

Siku moja nilimrudishia kalamu ya wino aliyokuwa ameniazima. Akasema, "Keep it." Nikaiweka mezani. "I said keep it," akarudia. Nikaitoa mezani, nikaiweka kwenye kisanduku chake cha chaki. Darasa likaanza kucheka. Nikaitoa tena, nikasimama nayo mkononi bila kujua niitupe wapi. "Ewe binti," alisema kwa Kiswahili, amechoka, "nimekupa! Iwe yako!" Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, nikamwuliza, "Sasa si ungesema nimekupa? Keep ipi hii tena?" Kuanzia siku hiyo, kila aliyetaka kuniudhi aliuliza keep ipi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Zaituni, msichana wa rika langu aliyeuza dukani kwa Mama Gulshan. Hakuwa ameandikishwa darasani. Alisikilizia mlangoni huku akipima kitambaa, na mara nyingi alijibu kabla yetu. Lakini ni yeye pia aliyenifuata nje siku ile na kuniambia, "Usilie bwana. Na sisi tukisema tumekula hasara, mzungu si atauliza tumeila na mboga gani?" Nilicheka nikiwa bado natoa machozi, na tukawa marafiki. Hata hivyo nilibaki na hasira. Mwalimu Kasanda alipenda kutuambia kwamba Tabora imepitiwa na kila lugha tangu enzi za misafara, kwamba Waarabu walipita na maneno yao, Wajerumani na yao, na kila mpagazi aliokota lake akaendelea na safari. Mimi nilifikiri: hao walipita kwa miguu wakaenda zao. Hii imekuja kukaa kichwani kwangu, na haitaki kunieleza inataka nini.

Nyumbani nilikariri kwa sauti, na hapo ndipo shangazi alipoanza kulichukua lile neno. Alikuwa amesoma kidogo, anaweza kusoma kitabu cha nyimbo za kanisani, na alipenda kujua ninachofanya. Siku moja nilisoma sentensi niliyoitunga, kwamba mjomba wangu ana-keep nyuki. Mjomba aliyekuwa akimenya karanga aliuliza nimesema nini juu yake. "Nimesema unafuga nyuki, Mjomba." Akatikisa kichwa. "Siwafugi. Nyuki si mbuzi. Mimi natundika mzinga. Wakipenda wanaingia, wasipopenda wanakwenda kwingine." Nikamwambia Kiingereza ndivyo kinavyosema. "Basi kinasema uongo," akajibu, akaendelea na karanga. Shangazi alicheka hadi akaweka kiganja kifuani. Kuanzia hapo keep ikawa mchezo wake. "Rejina, keep sufuria!" ikiwa na maana niiweke jikoni. "Keep mlango!" niurudishie. Nilijaribu kumweleza kwamba hapana, hapo halifai, akanijibu kwamba hata mimi sijui linapofaa, na alikuwa na haki kabisa.

Mjomba alianza kuumwa baada ya msimu wa asali. Kwanza aliacha nyama, akisema imekuwa ngumu. Kisha akaacha ugali. Shangazi alimtengenezea uji mwepisi, na nilimsikia kupitia ukuta akimbembeleza, "Shija, funda moja tu, halafu nitakuacha," na yeye akikohoa, na kijiko kikigonga bakuli. Alikuwa mtu mwenye mabega mapana ya kupanda miti, na tuliyaona yakiisha kidogo kidogo chini ya shati. Alipokuwa hawezi kumeza hata maji bila kujikunja, tulimpeleka hospitali. Walimpokea, wakampima, wakamlaza. Siku kadhaa zikapita. Shangazi alikaa naye mchana, mimi nilikwenda kwa Mwalimu Kasanda, kisha nikapitia wodini na chupa ya uji, tukabadilishana. Mtihani ulikuwa umekaribia. Nilisoma nimeegemea ukuta wa baraza la wodi, nimezungukwa na ndugu za wagonjwa waliotandika kanga na kupika kwenye mafiga nyuma ya jengo, na kila nilipofungua kitabu mtu aliniomba nimshikie mtoto.

Wakati huo kulikuwa na daktari mgeni, mzungu mrefu aliyekuja kusaidia kwa miezi michache. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wodi ya wazazi asubuhi ile daktari alipotoka wodini na kutukuta barazani. Aliangalia huku na huku, akitafuta mtu. Shangazi akanisukuma mgongoni. "Binti yetu anasoma Kiingereza," alimwambia, kwa Kiswahili, kwa fahari, na daktari akaelewa kidole kilichonielekeza. Akaanza kuzungumza nami. Nakumbuka alisema I'm afraid, na mimi nikajiuliza anaogopa nini. Kisha akasema we can't keep him. Kisha, keep him comfortable. Kisha keep him warm, na keep giving him kitu ambacho nilishindwa kukisikia. Yote kwa pumzi moja, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye adabu. Nilisimama pale nikihisi jasho likinishuka kwenye mbavu. Hawawezi kumweka. Wamweke vizuri. Wamweke joto. Zilikuwa keep nyingi mno, zikivutana kila moja upande wake, na shangazi alikuwa ameshika mkono wangu, akiuliza, "Amesemaje? Rejina, amesemaje?"

Ningeweza kubahatisha. Nimewaona wengi wakibahatisha, na katika kazi yangu ya uuguzi baadaye nimewaona hata waliosoma wakifanya hivyo, kwa kuwa mtu anaona aibu kumwambia daktari hajaelewa. Nilikuwa tayari nimechekwa mwaka mzima, aibu ilikuwa imeshanizoea. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu, "Please, doctor. Which keep?" Akanitazama kana kwamba namfanyia mzaha. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti kubwa zaidi, polepole, kama wanavyofanya watu wanaodhani tatizo ni masikio. Nikauliza tena. Uso wake ukawa mwekundu. Na mimi nilikuwa nimekasirika, si kwake tu, ni kwa kila kitu, kwa kitabu, kwa majora ya vitambaa, kwa dawa ile inayoitwa muktadha. Nikasema, "I don't know this word. Everybody says it. Nobody tells me." Hapo akaacha kuzungumza. Akakaa kwenye benchi, akanionyesha nikae karibu yake, akaangalia mikono yake. Akasema, "He is going to die. I cannot help him. Take him home."

Kila neno nililielewa. Hilo ndilo ambalo sijawahi kulisamehe vizuri hadi leo: kwamba maneno mepesi yalikuwepo tangu mwanzo, maneno ya mtoto wa darasa la tano, na yalifichwa nyuma ya lile lingine. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nimejifunza kwamba sisi wenyewe tuna yetu. Tunasema mpelekeni nyumbani akapumzike. Tunasema mwombeeni. Nimeyasema mwenyewe, na nilipoyasema niliona nyuso za watu zikitafuta maana, nikakumbuka, na mara nyingine nilirudi na kukaa nao kwenye benchi, na mara nyingine sikurudi kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Lakini siku ile nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilichojua ni kwamba shangazi bado ameshika mkono wangu. Daktari aliinuka akaenda. Nikamwambia shangazi kwa sauti ndogo kwamba daktari amesema Mjomba hatapona, tumpeleke nyumbani.

Aliuachia mkono wangu. "Hakusema hivyo."

"Shangazi, amesema."

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Amesema keep. Amesema keep, keep, keep. Keep ni kuweka, wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha. Wanamweka. Watamtibu hapa."

"Alisema hawawezi kumweka. Kuna neno la kukana pale, shangazi, can't..."

"Rejina!" Sauti yake ilipanda, watu waliokuwa wakipika wakageuka. Akawaangalia wao, si mimi. "Huyu Kiingereza hajui. Alifeli. Ndiyo maana yuko kwangu." Akaingia wodini, akatandika shuka la Mjomba upya ingawa lilikuwa limetandikwa, na hakunitazama tena.

Alasiri ile alisema anakwenda mjini kununua sabuni. Nilibaki na Mjomba. Alikuwa amelala kwa ubavu, akitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa jengo jingine. Alisubiri mpaka hatua za shangazi zikapotea, kisha akasema, "Mayo, nieleze wewe. Mzungu amesemaje?" Nilijaribu kukwepa. Nilisema Kiingereza chake ni kigumu. "Nilikuona kupitia mlango," akasema, "akikaa chini na wewe. Daktari akikaa chini habari si nzuri. Niambie." Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno mepesi kama nilivyoambiwa. Alifumba macho kidogo, akayafumbua. Akauliza kama mvua zimeanza upande wa Ipole. Nikasema bado. Akasema angependa kuiona mizinga yake kabla ya mvua, kwa sababu kuna mmoja alioutundika mwaka ule juu ya mti mrefu kuliko yote aliyowahi kupanda, na hakuwa amejua bado kama nyuki wameingia. Mwenzake wa kule, Mzee Masanja, ana kibanda kizuri, angeweza kulala hapo hata wiki. "Basi twende, Mjomba," nilisema. "Lori la Ipole linaondoka asubuhi. Nitamwambia shangazi." Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. "Usimwambie kitu. Anaamini nitapona. Akijua nami nimekubali, ataanguka, na mimi sina nguvu ya kumwinua. Mwache akae hapa mpaka achoke mwenyewe."

"Lakini unataka kwenda."

"Nataka," akasema. "Sasa nikienda, yeye nitamwacha wapi?"

Nilitaka kupiga ukuta. Shangazi alirudi na sabuni, akakaa kitandani, akamweleza Mjomba habari za mjini, bei ya mchele, nani ameolewa, akamwambia kwamba madaktari wana matumaini. Mjomba akaitikia, eeh, eeh, na hata akacheka kidogo. Mimi nilisimama mguuni mwa kitanda nimeufunga mdomo, maana mmoja alinikataza kusema na mwingine alikataa kusikia. Tulikaa pale. Hospitali haikutufukuza mara moja, kitanda hakikuwa kinadaiwa na mtu, lakini wagonjwa walipoongezeka muuguzi mkuu alikuja kwa upole na kumwomba shangazi, na shangazi akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Mjomba alihamishiwa kwenye godoro barazani. Kila asubuhi nililisikia lori la Ipole likipiga honi barabara ya Sikonge, na kila asubuhi nilimchukia shangazi yangu, nikiwa nimeshika bakuli la uji ambalo hakuna aliyeweza kulinywa. Siku alipokubali hatimaye kwamba tuondoke, Mjomba hangeweza tena kuvumilia safari ya lori. Tulimrudisha Ng'ambo kwa mkokoteni uliotandikwa magodoro. Alifariki mchana, chumba cha mbele, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kugonga bati. Shangazi alikuwa amemshika kichwa. Nakumbuka nilishangaa jinsi kila kitu kilivyokuwa tayari, maji, mishumaa, kitambaa cheupe cha kumfunika, na nikadhani majirani ni watu wa ajabu, wamekuja na vitu vyote kabla ya kuitwa. Mzee Masanja alikuja kutoka Ipole na debe la asali kwa ajili ya msiba. Nilimwuliza habari ya ule mzinga wa mti mrefu. Akasema hakujua ni mti upi.

Mtihani niliufanya baada ya maziko. Neno keep halikutokea hata mara moja. Nililitafuta ukurasa hadi ukurasa, kwa ghadhabu, kama mtu anayemtafuta mwizi wake sokoni. Nilifaulu kwa alama ya chini kabisa inayoitwa kufaulu, chuo kikanichukua, nikaondoka Tabora. Shangazi alinisindikiza stesheni na kubeba sanduku langu kama siku ya kwanza. Nilimsubiri aseme neno moja kuhusu siku ile barazani, kwamba alinifedhehesha, kwamba nilikuwa nimesema kweli. Aliniambia nikifika nisisahau kula. Nami nilikuwa nimemwahidi Mjomba, kwa hiyo sikumwambia kwamba mume wake aliikosa mizinga yake kwa ajili yake. Mara nyingi tulipokuwa tumekaa pamoja, yeye akichambua mchicha, mimi nikimsaidia, niliyasikia maneno hayo yakinipanda hadi kwenye meno. Niliyameza. Nilijiona mtu mwema kwa kuyameza, na sikuwa mwema, kwa kuwa kila nilipoyameza nilimhukumu upya.

Zaituni alikuja Jumatatu hiyo alasiri, siku ya pili baada ya maziko. Sasa ana duka lake mwenyewe, na miguu inamsumbua, kwa hiyo mjukuu wake alimshusha kwa pikipiki hadi mlangoni. Tulikaa ukumbini. Tulizungumza habari za Mwalimu Kasanda aliyefariki zamani, za Mama Gulshan na wanawe waliohamia Dar es Salaam, na nikajikuta namweleza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na zile sifa, jinsi shangazi alivyonikana mbele za watu na kumng'ang'aniza Mjomba hospitalini kwa sababu ya neno ambalo hakulielewa.

Zaituni aliweka kikombe chini. "Nani alikuambia hakulielewa?"

"Nilikuwepo, Zaituni."

"Na mimi nilikuwepo dukani kwa Mama Gulshan. Alikuja siku hiyo hiyo, alasiri. Alinunua bafta nyeupe, ile ya sanda, nikamkatia kwa mkono wangu. Nikamwuliza, mama, kuna msiba? Akasema, bado."

Nilimkumbuka shangazi akirudi wodini na sabuni mkononi. Sikuwahi kujiuliza kama alinunua kitu kingine, wala kile kitambaa cheupe cha kumfunika Mjomba kilitoka wapi.

"Nikamwuliza, si daktari amesema wanamweka? Maana mtaani tayari ilikuwa imevuma," Zaituni aliendelea. "Akaniambia, mtoto amesema kweli, nimeona machoni mwa yule mzungu kabla hata Rejina hajatafsiri. Lakini Shija anaamini atapona. Na mimi nikikubali, atabaki na nani upande wake? Akaniomba nisimwambie mtu. Nami nilidhani wewe unajua, Rejina. Si mlikuwa nyumba moja?"

"Mjomba alijua," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa maneno hayo mdomoni. "Nilimwambia mimi. Alasiri ile ile, wakati shangazi yuko dukani kwako. Akanikataza nisimwambie. Alisema akijua ataanguka."

Nje, wanawake walikuwa wakichambua mchele, na mmoja alikuwa akisimulia tena jinsi shangazi alivyokuwa hajui kugombana na mtu.

"Kwa hiyo walikaa pale wote wawili," Zaituni alisema, "kila mmoja anakaa kwa ajili ya mwenzake."

"Kwenye godoro la barazani. Na lori linapita kila siku."

"Ungejua, ungefanya nini?"

"Ningewapakia wote wawili kwenye lori la Ipole asubuhi ile ile!" nilisema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka, mpaka wanawake waliokuwa uani wakaacha mchele na kugeuka kuona ninagombana na nani.